pH ya tangi la maji chumvi haitulii? Anza na hewa kabla ya dawa

Wengi wakiona mita ya pH (kipimo cha asidi ya maji, ikishuka asidi imeongezeka) imesoma 7.8 wanakimbilia chupa ya kupandisha pH, wanamimina, namba inapanda masaa machache, kesho yake imerudi palepale, wanamimina tena, na wiki ikiisha alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) imepaa mpaka matumbawe yanaanza kuungua ncha na pH bado ileile. Naomba sana usiingie huko. pH ya tangi la chumvi kwa sehemu kubwa inaamuliwa na vitu viwili, alkaliniti na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka kwenye maji, na mara nyingi msumbufu ni huyo wa pili.

Hatua ya 1: pima kwa saa mbili tofauti

Safisha mita, iseti upya kwa maji ya bafa (maji yenye pH inayojulikana) ya 7 na ya 10. Alafu pima asubuhi kabla taa za tangi hazijawaka, na jioni kabla hazijazimwa. Mchana mwani na matumbawe yanakula kaboni dayoksaidi kwahiyo pH inapanda, usiku kila kiumbe kinapumua na kuitoa tu ndo maana alfajiri inakuwa chini kabisa. Tofauti ya 0.2 hadi 0.3 ni kawaida. Asubuhi 7.9, jioni 8.2? Tangi lako liko sawa, liache. Kinachotakiwa ni kukaa kati ya 7.8 na 8.4 bila kuruka ruka.

Hatua ya 2: alkaliniti

Lenga dKH (kipimo cha alkaliniti) 8 hadi 9, bahari yenyewe iko kama 7. Ikiwa chini, tumia sodiamu baikaboneti safi, ile baking soda, sio baking powder kwasababu hiyo imechanganywa na vitu vingine. Gramu 3 kwenye lita 100 zinapandisha kama dKH 1. Mfano una lita 200 za maji halisi (toa nafasi ya mawe na mchanga) na umepima 6.5 unataka 8, utahitaji gramu 9, lakini zigawe siku mbili maana usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku. Yeyusha kwanza pembeni, mimina taratibu pale maji yanapokimbia. Mwanzoni pH inaweza kushuka kidogo, usishtuke.

Kama kila ukiongeza haikai, pima magnesiamu. Ikiwa chini sana ya miligramu 1300 kwa lita, kalsiamu na kaboneti zinagandana zenyewe kwenye hita na pampu, unakuwa unalisha vyuma badala ya matumbawe.

Hatua ya 3: jaribio la glasi

Hii naipenda kuliko zote kwasababu haina gharama na inakupa jibu. Chota maji ya tangi kwenye glasi, pima pH, peleka glasi nje, weka kijipampu cha hewa kipulize saa nzima, pima tena. Chota glasi nyingine ufanye hivyohivyo ndani ya chumba.

Zote mbili zikipanda, tangi lako halipati hewa ya kutosha. Ya nje ikipanda na ya ndani ikigoma, basi hewa ya chumba ndo imejaa kaboni dayoksaidi: watu wengi, madirisha yamefungwa, jiko la gesi linawaka. Zisipopanda hata moja, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: rekebisha hewa

Tangi likiwa ndo lenye shida, elekeza pampu moja ivuruge uso wa maji na hakikisha skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu la hewa) inavuta hewa bila kuziba. Chumba kikiwa ndo chenye shida, fungua dirisha, na bora zaidi chukua mpira wa hewa wa skima uupitishe mpaka nje. Kwa wengi hili peke yake linatosha. Pakiwa na moshi au dawa za wadudu huko nje usifanye hivyo, funga kopo la soda laimu (chembe zinazofyonza kaboni dayoksaidi) kwenye mpira wa skima na ubadilishe chembe zake rangi ikigeuka.

Ukiwa na sampu (tangi la pembeni la kuchujia maji), weka mwani humo na uwashie taa usiku wakati taa kubwa zimezimwa, pH haitashuka sana alfajiri.

Hatua ya 5: maji ya chokaa, ikibidi

Kalsiamu hidroksaidi gramu 1.5 kwa lita ya maji safi yasiyo na chumvi, koroga, funika, acha itulie, tumia maji maangavu ya juu tu. Yadondoshe tone kwa tone usiku, kufidia maji yaliyokauka na si zaidi. Vaa glavu na miwani, pH yake inazidi 12. Mita ikifika 8.5 simamisha, na usiamini pampu ya kujiendesha kabla hujaiangalia mwenyewe ikifanya kazi, maana ikikwama wazi usiku mmoja inaua tangi zima.