Tonado Haizuiliki: Namna ya Kutumia Dakika Chache Ulizo Nazo

Wengi wanaoona picha za tonado, yaani upepo mkali unaozunguka kutoka wingu la radi hadi ardhini, huuliza kwa nini sayansi haijapata njia ya kuuvunja ule mkonga wa upepo kabla haujafika kwenye makazi. Njia hiyo haipo, na sababu yake inafaa kueleweka kabla ya maandalizi, kwa kuwa anayesubiri kinga isiyokuwepo huchelewa kujificha.

Mkonga unaoonekana ni ncha tu. Nguvu yake hutoka katika wingu la radi linalozunguka juu yake, ambalo kimo chake huweza kupita kilomita 10. Anayependekeza bomu hulenga ncha na kuliacha wingu, na bomu la kulitikisa wingu lenyewe lingewaumiza watu kuliko tonado. Kunyunyizia mawingu kemikali nako hakujatoa tumaini: kati ya 1962 na 1983, Marekani iliendesha mradi wa Stormfury wa kudhoofisha vimbunga vya baharini kwa iodidi ya fedha, ukafungwa bila kuthibitisha mafanikio. Vimbunga hivyo hudumu siku kadhaa. Tonado nyingi huzaliwa na kufa ndani ya dakika 10.

Kwa hiyo chagua chumba mapema, siku ambayo anga ni shwari. Kiwe chini ya ardhi au katika ghorofa ya chini kabisa, katikati ya nyumba, kidogo, kisicho na dirisha. Bafu au nafasi iliyo chini ya ngazi hufaa. Weka humo viatu vya soli nene, tochi, filimbi na kofia ngumu ya pikipiki, maana wengi huuawa na mbao, vioo na matofali yanayorushwa. Nyumba ya kuhamishika isikuhadae hata ikiwa imefungwa kwa minyororo: ondoka mapema uende kwenye jengo imara.

Tahadhari ikitolewa, usitoke nje kuhakikisha kwa macho, kwani mvua au giza huweza kuuficha mkonga wote. Ukiwa tayari umeuona, utazame ukiulinganisha na mti au nguzo: ukionekana haukengeuki kulia wala kushoto bali unanenepa tu, unakujia wewe. Usipoteze muda kufungua madirisha eti nyumba isipasuke. Ushauri huo ni wa zamani na si sahihi, kwani upepo hujifungulia wenyewe. Jikunyate ukiupa ukuta uso, ufunike kichwa na shingo kwa mikono, na ujifunike godoro likiwa karibu.

Kwa aliye barabarani, kosa baya zaidi ni kukimbilia chini ya daraja. Huko Oklahoma, Marekani, tarehe 3 Mei 1999, watu waliojificha hivyo waliuawa, kwa sababu upepo huongeza kasi unapobanwa penye uwazi mwembamba, na mtu hana cha kushikilia. Ukikosa jengo, baki garini umefunga mkanda na kuinamisha kichwa chini ya usawa wa dirisha, au ulale kifudifudi katika bonde lililo chini kuliko barabara, mbali na magari.

Upepo ukipita, vaa vile viatu kabla ya hatua ya kwanza, kwa kuwa sakafu itakuwa imejaa misumari na vioo. Usiwashe kiberiti wala swichi hata kama ni giza. Ukinusa gesi, toka kwanza, kisha uwaite wengine ukiwa nje.