SOMO: Kutengeneza panya mwenye kinga ya binadamu kwa seli shina za CD34 (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki, linabadilisha nguo tu: "Nimepata panya wa NSG (aina isiyo na kinga yake), nimewadunga seli, mbona hawana kinga ya binadamu?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naliandika hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwanza tuelewane ni panya yupi. Kuna aliyewekewa jeni la binadamu, kama K18-hACE2, aliyetangazwa 2007 kwa ajili ya SARS ya kwanza, kisha akagombaniwa dunia nzima mwaka 2020 kwa ajili ya UVIKO-19. Huyo unamnunua, unamzalisha, basi. Somo hili ni la yule wa pili: panya asiye na kinga yake, anayepandikizwa seli shina za damu ya binadamu (zile zenye alama ya CD34) mpaka chembe nyeupe za mtu zikazunguka mwilini mwake.

Hatua ya 1. Vibali: kamati ya maadili ya wanyama, na kibali cha pili cha damu ya binadamu. Huna, usiendelee kusoma.

Hatua ya 2. Panya. NSG (Shultz na wenzake, Jackson Laboratory, Bar Harbor, Maine, 2005) au ndugu yake NOG (Japani, 2002). Wote hawana seli T, B wala NK, yaani askari wakuu wa kinga. Kingine ambacho watu hawakitaji: asili yao ni ukoo wa NOD, na makrofaji (seli zinazomeza wavamizi) za NOD zina protini ya SIRPα inayoshikana vizuri na CD47 ya binadamu, ile alama ya "usinimeze", kwa hiyo hazimezi sana seli shina na chembe nyeupe ulizoleta. Ndiyo maana panya wa ukoo mwingine, hata ukimwondolea kinga zote, halingani nao. Kama unaweza kuchagua, chukua majike. Kwao seli hushika vizuri zaidi kuliko kwa madume.

Hatua ya 3. Vizimba. Chakula, maji, matandiko, vyote vipite kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke). Glavu mpya kila kizimba. Bakteria ambaye panya wa kawaida hamtambui kabisa, huyu anamzika.

Hatua ya 4. Mionzi. Uboho lazima upunguzwe ili wageni wapate nafasi. Vitoto vya siku chache: 1 Gy (grei, kipimo cha mionzi). Wa wiki 3 au 4 na kuendelea: kati ya 1.4 na 2.4 Gy, kutegemea mashine. Usichukue dozi kutoka kwenye makala ya panya weusi wa C57BL/6, wale hupigwa 9 mpaka 10 Gy halafu wanaokolewa kwa uboho mpya. NSG amebeba badiliko la scid kwenye jeni la Prkdc, yaani hata kuunga DNA iliyokatika hawezi vizuri. Mpige 4 Gy, utakuwa unahesabu mizoga. Pia dozi ya mashine ya sizi (seziamu) na ile ya eksirei hazifanyi kazi sawa hata kama namba ni moja. Jaribu mashine yako kwa panya wachache kwanza.

Hatua ya 5. Seli. Hapa someni taratibu. Seli za CD34 tunazitoa zaidi kwenye damu ya kitovu, kwa kuzivuta na sumaku. Tatizo ni kwamba sumaku huacha seli T zilizokomaa zikajipenyeza. Seli T ya binadamu ikiingia kwenye mwili wa panya usio na kinga, kila kitu kwake ni adui: inazaana, na inaanza kumla mwenyeji. Nimeona kundi zima la panya likiinama mgongo, manyoya yakisimama na kunyonyoka, uzito ukishuka, na mwenye mradi bado anafurahi kwa sababu kipimo cha wiki ya nne kilimwonyesha seli nyingi za binadamu. Zilikuwa seli T tupu. Seli shina hazikushika hata kidogo.

Kwa hiyo:

– Kabla ya kudunga, chukua sehemu ndogo ya seli uipime mwenyewe. CD34 iwe zaidi ya 90%. CD3, alama ya seli T, isifike 1%. Mimi ikizidi 0.5% naikataa. Karatasi iliyokuja na kichupa si kipimo.
– Pitisha kwenye sumaku mara ya pili. Utapoteza seli kiasi, kubali.
– Pandikizi la kweli lina mpangilio wake: seli B ndizo hutangulia, seli T huchelewa mpaka karibu wiki ya 10 au 12, kwa sababu zinapita kwanza kwenye thaimasi ya panya, tezi inayofundisha seli T. Ukiona CD3 imejaa na CD19 (alama ya seli B) haipo wiki ya nne, usisherehekee. Umefuga ugonjwa.

Hatua ya 6. Kudunga. Ndani ya saa 4 mpaka 24 baada ya mionzi, seli 100,000 kwa panya, mshipa wa mkia, ujazo usizidi mikrolita 200. Pasha mkia joto kwanza.

Hatua ya 7. Pima uzito mara mbili kwa wiki. Aliyepoteza 20% anauawa kwa huruma, bila maumivu, siku hiyo hiyo, hakuna "tumpe mpaka Jumatatu".

Hatua ya 8. Kipimo, wiki ya 12. Damu kidogo, flosaitometria (mashine ya kuhesabu seli kwa alama zake), kingamwili mbili kwa pamoja: ya CD45 ya binadamu na ya CD45 ya panya, alama ya chembe nyeupe. Asilimia ni za binadamu ukigawa kwa jumla ya zote mbili. Maabara nyingi hukubali kuanzia 25%. Ongeza CD19, CD3 na CD33 (alama ya chembe za mailoidi, ukoo wa makrofaji), la sivyo hujui umepata nini.

Nimemaliza. Maswali.

---

Chuma_Ulete: Mkuu naomba PDF yake inbox.

Mwandishi: Iko hapo juu. Haina PDF.

Mtafiti_Mtarajiwa: Samahani kaka, sina panya wa NSG ila nina BALB/c (panya wa maabara wenye kinga kamili) wengi. Naweza kuwapiga mionzi mikali ili kinga iishe halafu niweke seli?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 2.

Mtafiti_Mtarajiwa: Nimesoma, ila nikiongeza dozi si kinga yote inakufa?

Mwandishi: Na panya anakufa nayo. Usipomuua, kinga yake inarudi na kufukuza seli zako. Panya hawa walitafutwa tangu badiliko la scid lilipotangazwa 1983, wakaja wa kwanza wenye seli za binadamu 1988, na bado ilichukua mpaka miaka ya 2000 kupata wanaoshika vizuri. Kama mionzi mikali ingetosha, wasingehangaika.

Binti_Pangani: Shikamoo kaka. Mimi nipo mwaka wa pili, sina maabara wala nini, nataka tu kuelewa. Kwa nini msitumie panya wa kawaida, ana maini, ana damu, ana kila kitu?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri kuliko yote yaliyotangulia. Kwa mambo mengi panya wa kawaida anatosha, na ni rahisi. Shida ni pale ambapo mwili wa mtu unafanya kitu ambacho wa panya haufanyi. Mwaka 1993 Marekani walijaribu dawa ya homa ya ini B iitwayo fialuridine. Wanyama walikuwa wameivumilia. Wagonjwa 15 waliipata, 5 wakafa na 2 wakaokolewa kwa kubadilishiwa ini. Mwaka 2014 watafiti waliirudia dawa hiyohiyo kwa panya wenye ini la seli za binadamu, na sumu ikaonekana. Lakini usijenge imani kupita kiasi: huyo alikuwa panya wa ini. Panya wa somo hili ana damu ya binadamu, ini lake bado ni la panya. Unachagua panya kwa swali lako.

Binti_Pangani: Kwa hiyo kinga yake inafanya kazi kama yangu?

Mwandishi: Nusu. Seli T zake zimefundishwa na thaimasi ya panya, tezi zake za limfu ni dhaifu, na kingamwili nyingi ni IgM, zile za mwanzo zisizo kali. Kubadilisha kwenda IgG, zile zilizokomaa, hufanyika kwa shida. Ukija na chanjo ukategemea kingamwili kali, utavunjika moyo. Kwa saratani na virusi vya UKIMWI anafaa zaidi. Kuna NSG-SGM3, aliyeongezewa jeni tatu za binadamu (SCF, GM-CSF na IL-3), anatoa chembe za ukoo wa mailoidi vizuri, ila anachoka mapema na kuishiwa damu. Yaani ukiboresha huku, unaharibu kule.

Jamaa_wa_Lubumbashi: Mimi ninafanya kazi ya malaria. Hawa panya wa CD34, nikiwaweka falsiparamu (kimelea cha malaria kali ya binadamu), itashika?

Mwandishi: Haitashika, na sababu inafurahisha. Pamoja na chembe nyeupe zote hizo, damu nyekundu ya binadamu haionekani kwao kwa sababu makrofaji za panya zinaimeza. Na falsiparamu haiingii kwenye chembe nyekundu za panya. Wanaopima dawa za malaria hawatumii seli shina: wanachukua NSG na kumdunga chembe nyekundu za binadamu tumboni kila siku, kisha wanaweka falsiparamu wa aina ya 3D7 aliyezoezwa kuishi humo. Kazi hiyo ilikomazwa Tres Cantos, karibu na Madrid, kwenye maabara ya GSK, kampuni ya dawa. Kwa hatua ya ini ya kimelea, mtafute panya wa FRG, mwenye seli za ini za binadamu.

Na kwa kuwa upo Lubumbashi: *Plasmodium berghei*, kimelea cha malaria ya panya ambaye dunia nzima inamtumia kwa panya wa kawaida, alipatikana huko kwenu Katanga mwaka 1948, na watafiti Vincke na Lips, kutoka kwa panya wa msituni.

Jamaa_wa_Lubumbashi: Sikujua! Basi tuendelee na berghei?

Mwandishi: Kwa kuchuja dawa mwanzoni, ndiyo, ni nafuu. Ila kama dawa yako inalenga protini ambayo berghei anayo tofauti, utadanganywa huku na kule.

Chuma_Ulete: Naweza kuruka mionzi? Chuo chetu hakina mashine.

Mwandishi: Sasa umeuliza la maana. Wapo wanaotumia busulfan, dawa inayopunguza uboho, badala yake, ila dozi yake ni ya kubahatisha usipokuwa makini. Njia safi ni kununua panya wa NBSGW: ana badiliko la jeni la Kit, seli shina zake mwenyewe ni dhaifu, kwa hiyo za binadamu hupata nafasi bila mionzi. Bei yake ulizia kabla hujaahidi bosi.

Fundi_Vizimba: Kaka ongeza hili. Kwetu umeme ukikatika, feni za vizimba vyenye hewa ya kusukumwa zinasimama, na vile vizimba vimefungwa. Hewa inachafuka humo haraka sana. Feni ziwe kwenye betri, na jenereta iwake yenyewe, isisubiri mlinzi.

Mwandishi: Asante sana, hilo kwa huku nilipo sikulifikiria. Lichukuliwe kama nyongeza ya hatua ya 3.

Binti_Pangani: Kaka la mwisho. Mtu akisema ametumia "panya 20", ni seli za kitovu kimoja au vingi?

Mwandishi: Wewe nenda kaanze maabara. Vitovu vingi, angalau vitatu, na uandike kila panya katoka kwa nani. Panya 20 wa kitovu kimoja ni mtu mmoja uliyemrudia mara 20, na vitovu vinatofautiana sana kwa kushika. Wengi wanaandika n=20 hapo, yaani sampuli 20 huru, na wasahihishaji wenye macho wanawarudishia.

Chuma_Ulete: Mkuu hiyo ya vitovu ungeiweka kwenye PDF.