Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuyaamini Majibu ya Damu ya Malengelenge ya Sehemu za Siri

Kwanza jiulize kwa nini unapimwa. Ikiwa huna kidonda, hujawahi kutokwa na malengelenge na mwenzio hana dalili yoyote, kipimo cha damu cha herpesi, yaani kirusi kinacholeta malengelenge hayo, si cha kukimbilia. Hata CDC, taasisi ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa maradhi, haishauri watu wasio na dalili wapimwe kwa jumla, kwa sababu majibu yasiyo ya kweli ni mengi na madhara yake ndani ya nyumba ni makubwa. Usikifananishe na kipimo cha VVU wala cha kaswende. Hivyo ni vya kuaminika zaidi, na ukiwa na wasiwasi vifanye kwanza.

Ikiwa kidonda kipo, usikubali kuondoka na jibu la damu peke yake. Mwambie daktari achukue majimaji ya kidonda chenyewe kwa kijiti cha pamba yapimwe kwa PCR, kwani kipimo hicho hutafuta kirusi chenyewe na pia hutaja ni cha aina gani. Nenda mapema, malengelenge yakiwa bado mabichi, wala usipake dawa za kienyeji juu yake kabla hujachunguzwa. Pale ulipo wakikwambia hawana PCR, ulizia kwa simu ni maabara gani inayoipokea kabla hujalipa nauli ya boti ya kwenda Dar es Salaam.

Hesabu pia muda uliopita. Kingamwili zinazopimwa katika damu, yaani kinga ambazo mwili huzitengeneza kupambana na kirusi, huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na kwa baadhi ya watu hufika wiki 12. Aliyekutana na jambo la kumtia khofu wiki iliyopita kisha akapima leo na kuambiwa hana, jibu lake linazungumzia maisha yake ya zamani. Arudie muda huo ukishatimia.

Jambo linalofuata nitalieleza kwa urefu, kwa sababu nimeliona likivunja ndoa ya binti wa mama yangu mdogo. Binti huyo, aliyeolewa Unguja akitokea Wete, aliharibikiwa na mimba mara mbili mfululizo. Katika kliniki moja ya mjini akaandikiwa kifurushi cha vipimo kiitwacho TORCH, ambacho hukusanya toksoplazma, rubela, herpesi na maambukizi mengine katika karatasi moja. Majibu yalitoka na mstari ulioandikwa «HSV 1/2 IgM» (HSV ni kifupi cha kirusi cha herpesi, na IgM ni kingamwili za mwanzo), na mbele yake neno la kwamba anayo, limezungushiwa duara kwa kalamu ya buluu. Hapakuwa na namba, wala maelezo, wala jina la daktari wa kuulizwa. Aliyempa karatasi alimwambia kwamba hayo ni maradhi ya zinaa na kwamba akamlete mumewe. Mume aliisoma ile karatasi mbele ya mama yake, na wiki haijesha mke alikuwa ndani ya boti ya kurudi Pemba, ana talaka moja.

Mstari ule mmoja ulikuwa na kasoro ambazo kila mwenye kupima anapaswa kuzijua. IgM ya herpesi haitenganishi aina ya kwanza na ya pili, huweza kutokea hata kwa mtu aliyeambukizwa miaka mingi nyuma, na mara nyingine hutokea kwa asiye na herpesi kabisa. Ndiyo maana CDC inasema isitumiwe. Halafu ile «1/2» maana yake ni kwamba aina zote mbili zimetiwa katika chungu kimoja, na aina ya pili ndiyo ambayo kwa kawaida huwa ya sehemu za siri. Herpesi aina ya kwanza ndiyo inayowatoa watu malengelenge ya mdomoni wakipata homa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu thuluthi mbili ya watu wote walio chini ya miaka 50 wanayo, wengi wao tangu utotoni, kwa mate na mabusu ya watu wazima wa nyumbani. Zaidi ya hayo, herpesi si sababu ya kawaida ya mimba kuharibika mfululizo, kwa hiyo hata swali lililompeleka kliniki halikujibiwa.

Huko Pemba alimpata daktari mwanamke aliyemsikiliza, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: «Ulipokuwa skuli, ukishikwa na homa, midomo ilikuwa inakutoka malengelenge?» Ilikuwa inamtoka, na sisi sote wa nyumbani tunakumbuka. Damu yake ikapelekwa kupimwa IgG, yaani kingamwili zinazodumu mwilini, ya kila aina mbali mbali. Aina ya kwanza anayo, aina ya pili hana. Lakini karatasi hiyo ilifika eda ikiwa imeshamalizika, kwa hiyo hapakuwa na kumrejea tena isipokuwa kwa posa mpya, mahari mapya na ndoa mpya. Mume alikuja kuomba, baba yake binti akakataa.

Basi kabla hujachomwa sindano, uliza: mnapima IgG au IgM? Aina ya kwanza na ya pili mnazitenganisha? Ikiwa jibu ni IgM, au hazitenganishwi, usitoe fedha yako.

Ukishapata jibu la IgG ya aina ya pili, dai uoneshwe namba ya kiwango kilichosomwa na maabara, usitosheke na kusomewa. Katika vipimo vingi vya maabara, chini ya 0.90 huhesabiwa kuwa hakuna, kuanzia 0.90 hadi 1.09 ni jibu lisiloeleweka, na kuanzia 1.10 huandikwa kwamba ipo. Hapo kwenye mwanzo wa «ipo» ndipo watu wanapoumizwa. Mwongozo wa CDC wa mwaka 2021 unataka jibu lolote la «ipo» lililo chini ya 3.0 lithibitishwe kwa kipimo cha pili cha njia tofauti, kwa kuwa majibu ya namba hizo ndogo yalipolinganishwa na Western blot, kipimo cha kuthibitisha kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, chini ya nusu ndiyo yaliyothibitika. Na sisi wa Afrika Mashariki tuwe waangalifu zaidi, maana tafiti zilizotumia damu za watu wa Uganda na Kenya zilikuta majibu ya uongo mengi, hata watafiti wakalazimika kupandisha kikomo. Mwenye 1.4 au 2.2 asiseme anayo wala hana; aseme bado hajajua, na atafute uthibitisho.

Kwa aina ya kwanza hali hugeuka: kipimo huwakosa baadhi ya walio nayo, na hata kikiipata hakiwezi kusema ipo mdomoni au sehemu za siri.

Na hata jibu likithibitika, lisomeni kwa lile linalosema tu. Damu haisemi maambukizi yalitoka kwa nani, wala mwaka gani. Mtu anaweza kukaa na aina ya pili miaka mingi bila ya kujua, akaingia nayo katika ndoa kwa nia safi kabisa. Mume anayemtaka mkewe aeleze alikoyatoa naye apimwe, na wazee wanaoketi kusuluhisha waliulizie hilo kabla ya jengine lolote.

Mjamzito amwambie mkunga wake mapema kama yeye au mumewe amewahi kupata malengelenge, kwa sababu hatari kubwa kwa mtoto ni mama kuambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua. Mwenye kidonda uchungu unapoanza huenda akahitaji kuzalishwa kwa upasuaji. Aliyethibitika kuwa na aina ya pili apime VVU, kwa kuwa aina hiyo huongeza uwezekano wa kuambukizwa VVU kama mara tatu. Asinunue asiklova, dawa ya herpesi, dukani kwa sababu ya namba ya karatasi bila ya kuonana na daktari. Karatasi zote, ya zamani na mpya, aziweke pamoja, asizipige picha na kuzituma kwa jamaa, na mwenye majibu awe wa kwanza kuyasoma, peke yake na daktari, kabla ya mume, mama mkwe au wifi.