Jinsi ya kuonja keki na vitafunwa kwenye mgahawa wa moli bila kuishia kula krimu tupu

Kwanza usiende Jumamosi jioni. Najua ndo muda ambao nusu ya Dar iko Mlimani City, ila muda huo mhudumu anakimbizana na meza kibao hana nafasi ya kukujibu maswali, na maswali ndo kazi yenyewe hapa. Nenda asubuhi katikati ya wiki, kwenye sa tatu sa nne hivi, kroasani (ule mkate mdogo wa siagi wenye tabaka tabaka) na pai zinakuwa zimetoka ovenini muda si mrefu. Keki hazina haraka hiyo, ya karoti au ya matunda ikilala siku moja ndo inakolea kabisa. Na uwe umekula kidogo nyumbani, mwenye njaa kila kitu kwake kitamu.

Nendeni watatu au wanne, kila mtu aagize kitu tofauti halafu mgawane, hapo mnaonja vitu vitatu au vinne kwa bei ya kipande kimoja kila mtu. Mtu akisema yeye anataka chakeeee peke yake basi huyo mwacheni nyumbani 😂

Ukifika usikimbilie kukaa, menyu ina picha tu, we nenda mpaka kwenye friji la kioo uangalie upande ule keki ilipokatwa. Ukiona kingo zimekauka na makombo yanadondoka yenyewe, krimu imepasuka nyufa au matunda ya juu yamesinyaa, hiyo imekaa. Halafu usiulize "ipi nzuri?" maana utajibiwa zote nzuri dada, uliza "ipi imeokwa leo?" na "mnaoka hapahapa au mnaletewa?" Migahawa mingi ya moli inaletewa kutoka jiko kubwa sehemu nyingine, sio dhambi, ila inakusaidia kujua uchague nini, maana keki inavumilia safari na kroasani haivumilii.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea, wanaanza na ile yenye maurembo mengi. Anza na kitu plein kabisa, kroasani isiyo na kitu ndani au keki ya vanila au ya ndimu isiyopakwa chochote. Mpishi hana pa kujificha hapo. Aisingi, ile sukari ya kupakwa juu, inaficha keki kavu, chokleti inaficha mafuta mabaya, ila kroasani plein inasema ukweli wote. Ishike, kwa ukubwa wake inatakiwa iwe nyepesi, juu rangi ya kahawia iliyoiva sio njano ya kuogopa moto, ukiivunja imwage vipande mezani na ndani uone matundu makubwa makubwa. Ni kama chapati ya kusukuma, mafuta yanakunjwa ndani ya unga ili itoke tabaka, tofauti ni kwamba huku inatakiwa siagi na donge linapumzishwa kwenye baridi kila likikunjwa. Ukikuta ndani pameshikana kama mkate wa kawaida ujue siagi iliyeyuka kabla ya kufika ovenini, na kwa joto letu hili hiyo ni rahisi sana kutokea.

Kujua kama ni siagi kweli au majarini, meza tonge halafu subiri kidogo. Siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, yaani chini ya joto la mdomo wako, kwahiyo inapotea yenyewe na kuacha ladha. Majarini ngumu za kuokea nyingi zinayeyuka kwenye joto la juu zaidi, ndo ule utando unaobaki umeganda juu ya kaakaa mpaka uushushe na chai. Na mhudumu akikuuliza akupashie, mwambie oveni au tosta, maikrowevu hapana, itakuwa laini dakika mbili halafu inavutika kama mpira.

Keki nazo zikitoka friji usizivamie. Baridi inapunguza utamu na inagandisha siagi, utaisema keki ngumu kumbe umeionea. Iache robo saa mezani hivi, zile zenye krimu nyingi au maziwa usizipitishe hapo na joto hili. Ukianza, onja kwanza ile keki yenyewe bila krimu, ndo ukate kuanzia juu mpaka chini upate vyote kwa pamoja. Nenda kutoka nyepesi kwenda nzito, vanila, karoti, redi velveti, chokleti iwe mwisho, ukianza na chokleti vingine vyote havitakuwa na ladha. Redi velveti usiitegemee miujiza, ni kakao kidogo na rangi nyekundu nyingi, chenye kazi pale ni ile krimu ya chizi, inatakiwa iwe na uchachu kidogo, ikiwa sukari tupu umeuziwa rangi.

Cha kushushia ni chai ya rangi bila sukari au kahawa nyeusi. Milksheki na keki, jamani hapana.

Kwa asiyetumia pombe uliza kabla ya kuagiza. Blaki foresti, ile keki ya chokleti, krimu na cheri, ya asili ya Kijerumani inawekwa pombe ya cheri, hapa wengi wanaiacha ila sio wote, na keki ya matunda mara nyingi matunda yake yamelowekwa kwenye brandi au ramu. Musi (ile krimu nyepesi kama povu) na chizikeki zisizookwa zinaweza kuwa na jelatini, kigandishi kinachotokana na wanyama, uliza ni ya mnyama gani, wasipojua chukua chizikeki ya kuokwa, ile kwa kawaida inagandishwa na mayai.

Kwenye bei angalia kama kodi ya VAT imo ndani tayari, na udai risiti. Uliza pia jioni wanapunguza bei au vipi, kuna sehemu wanafanya hivyo karibu na kufunga maana vya asubuhi haviuziki kesho. Kroasani ya jioni ukifika nayo nyumbani iweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, funika dakika chache, inarudi vizuri tu.