Namna ya Kuunda Mlingoti na Foromali ya Mashua Ndogo kwa Mbao za Kuunga

Mtu anayejiundia mashua nyumbani hutumia miezi mingi akihangaikia mkuku, mataruma na mbao za ubavuni, kisha katika siku za mwisho hutafuta mti wowote ulionyooka, akausimamisha ukawa mlingoti. Hilo ni kosa linalonisikitisha kila nikiliona, kwa sababu mti mzito kule juu, hasa foromali, yaani mti mrefu unaobeba tanga, hukifanya hata chombo kilichoundwa vizuri kiyumbe sana na kichelewe kuinuka kikilala. Maelezo haya yanahusu mashua ya urefu wa mita 4.5 yenye tanga la pembetatu la takriban mita 8 za mraba, ambayo mlingoti wake una mita 4.2 na foromali yake mita 5.4.

Mafundi wa pwani walizoea kuchagua mti mzima kutoka kwenye mikoko, lakini misitu hiyo sasa imehifadhiwa na haikatwi bila kibali. Mvinje unapatikana kwa halali na ni imara, ila ukikauka hukaribia kuwa na uzito mara mbili ya saiprasi, na mti mbichi hujikunja unapokauka. Kwa hiyo mimi hutumia mbao za saiprasi au paini, ambazo sisi wa Tanga huletewa kutoka Lushoto. Uchague mbao moja moja, hata kama muuzaji atachoka kukusubiri: utazame nyuzi zake zinakimbia sambamba na ukingo kutoka ncha hadi ncha, uachane na ubao wenye kiini cha mti katikati, na usikubali kifundo kikubwa kuliko ukucha wa kidole kidogo. Mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani, usizinunue kwa kazi hii, kwani gundi haizishiki vizuri na vumbi lake ni sumu. Ukishazifikisha nyumbani, zipange kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake, na uziache kwa miezi kadhaa.

Mbao nyingi za dukani zina futi 12, yaani mita 3.66, kwa hiyo ni lazima kuunga. Ncha mbili zinazoungana hukatwa hanamu, yaani kwa mteremko, na urefu wa hanamu uwe angalau mara kumi ya unene wa ubao. Mlingoti wangu huundwa kwa tabaka mbili za mbao za inchi 2 kwa 4 zilizopigwa randa hadi unene wa milimita 45, kwa hiyo kila hanamu ina sentimita 45. Foromali huundwa kwa tabaka tatu za mbao za inchi moja, kila moja ikibaki na milimita 22, na hanamu yake ni sentimita 22. Viungo vya tabaka tofauti visikutane mahali pamoja. Katika mlingoti mimi huvitenganisha kwa zaidi ya mita moja. Ili hanamu zifanane, panga mbao zako moja juu ya nyingine kama ngazi, kila moja ikirudi nyuma ya ile ya chini yake kwa urefu wa hanamu, kisha uzipige randa zote kwa pamoja mpaka ngazi igeuke mteremko mmoja usio na tuta.

Gundi nyeupe ya seremala haifai, kwa maana huteleza polepole inapovutwa muda mrefu na maji ya chumvi huidhoofisha. Inayofaa ni epoksi. Paka kwanza epoksi tupu pande zote mbili, ngoja mbao ziinywe, kisha pakaa tena iliyochanganywa na vumbi laini la mbao hadi iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Joto la pwani huifanya igande haraka, basi koroga kidogo kidogo katika chombo kipana na ufanye kazi hiyo alfajiri. Klempu zikazwe kiasi tu, kwani ukizikaza kwa nguvu zote utaikamua gundi yote nje na kiungo kitabaki kikavu. Kabla ya kuondoka, chungulia kutoka ncha moja ukiwa umefumba jicho moja, kwa sababu mti uliogandia katika hali ya kupinda hautanyooka tena.

Sasa una boriti ya miraba minne: ya mlingoti ina milimita 90 kila upande, na ya foromali 66. Kinachofuata ni kuichongoa. Mlingoti hubaki na unene wote pale unaposhikwa na ubao mtambuko wa mashua, kisha kwenda juu mimi huupunguza hadi milimita 88 kwenye robo ya urefu uliobaki, 82 nusu ya njia, 74 kwenye robo tatu na 62 kileleni. Foromali huwa nene zaidi pale inapofungwa henza, ile kamba ya kuipandishia, nayo hupungua hadi 42 upande wa chini na 32 upande wa juu. Weka alama za vipimo hivyo, pindisha ufito mwembamba upite katika alama zote, na uchore mstari kwa kuufuata. Chonga pande mbili zinazoelekeana kwanza, ndipo uchore na kuchonga mbili zilizobaki.

Kuitoa boriti kwenye pande nne kwenda nane ndipo wengi hubahatisha, na hakuna haja. Chukua kijiti, kipigilie misumari miwili iliyoachana kwa milimita 120, kisha katikati yake toboa matundu mawili ya penseli, moja milimita 35 kutoka msumari wa kwanza na la pili milimita 85. Kilaze juu ya boriti, kizungushe kwa mshazari mpaka misumari yote iguse pande mbili, na ukivute kutoka chini hadi juu. Boriti inapokuwa nyembamba kijiti hulala zaidi chenyewe, na penseli hukuchorea mistari miwili yenye uwiano sahihi kila mahali. Fanya hivyo pande zote nne, ondoa pembe kwa randa hadi kwenye mistari, na utakuwa na pande nane zilizo sawa. Kutoka hapo hadi kumi na sita ni kazi ya jicho, na mwisho ni msasa wa kitambaa unaozungushwa na kuvutwa huku na huku. Fumba macho upapase. Kiganja hugundua tuta ambalo jicho limelipita. Sehemu ya mlingoti iliyo chini ya ubao mtambuko iache na pande nane, na mwishoni uchonge ulimi wa mraba uingie katika mwashiri, ule mti wa chini unaopokea mguu wa mlingoti, ili mlingoti usizunguke.

Usitoboe foromali hata kidogo. Foromali yangu ya kwanza niliitoboa tundu la bolti ili nifunge henza, na katika kaskazi ya kwanza ilikatika palepale kwenye tundu, tanga likaanguka majini na tukarudi nyumbani kwa kasia. Nyuzi za mti zinazokatwa mahali penye mkazo mkubwa hazina mbadala. Gundisha vipande viwili vidogo vya mti mgumu, kimoja kila upande wa henza, vizuie kamba isiteleze, kisha ufunge kwa kamba tu.

Kabla ya kupaka chochote, laza foromali juu ya magogo mawili, moja kila ncha, na uikalie taratibu katikati. Inapaswa kuinama kwa upinde mmoja laini na kunyooka tena unapoondoka. Ikiinama zaidi mahali pamoja, punguza kidogo sehemu ngumu zilizo jirani. Mnyumbuko huo ndio unaomwaga upepo wa ghafla kwenye ncha ya juu ya tanga kabla mashua haijalala. Hatimaye paka vanishi ya baharini isiyopungua mara tano, ukisugua kwa msasa laini kati ya tabaka na tabaka, na vichwa vya mti uvinyweshe epoksi kwanza, kwani maji huingilia huko. Pale kamba ya henza inaposugua, zungushia ngozi na uishone kwa uzi uliotiwa nta, mshono ukielekea omo, yaani mbele ya chombo.