Kumfundisha mrushaji wa besiboli, na kumfundisha anayemfundisha

Sikucheza besiboli utotoni. Nilicheza rede, pale Majengo, Moshi, na kama hujui rede basi hukukulia uswahilini: wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa, na mpira wenyewe ni soksi iliyojazwa matambara. Ndiyo maana Mjapani wa kujitolea aliyekuja kufundisha michezo shuleni kwetu, aliponiona nacheza rede na wasichana wa kidato cha pili, mwalimu mzima wa hesabu na sketi yangu, aliniuliza nimejifunzia wapi kurusha. Alipoondoka aliniachia glovu nne, mipira kumi na mmoja na gongo moja. Gongo la kupigia, si lile la kunywa. Mkuu wa shule ilibidi nimweleze mara mbili.

Tangu hapo warushaji wengi, wale wanaomtupia mpigaji mpira, wamepita mikononi mwangu, na siku hizi nasumbuliwa na walimu kuliko watoto. Wa Himo anapiga simu, wa Arusha anapiga, swali ni lile lile: "Madam, nina kijana ana mkono wa hatari, nimfanyeje arushe kwa kasi zaidi?" Jibu langu ni refu kuliko salio lao, kwa hiyo naliandika hapa.

Soma nyayo kwanza

Kijana akirusha vibaya usiangalie mkono. Mkono unakwenda kasi mno, jicho halishiki kitu. Angalia vumbi. Kiangazi vumbi letu hushika unyayo kama unga wa sembe. Mwambie arushe mara tano, kisha nendeni wote wawili mkachuchumae pale alipotua mguu wa mbele. Unyayo mzuri vidole vyake vinamwelekea mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji, nao umekaa karibu na mstari ulionyooka kutoka mguu wa nyuma. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, unyayo ukiangukia kulia sana, upande wa besi ya tatu (besi ni vituo anavyokimbilia mpigaji), amejifungia njia: kiuno hakizunguki vizuri, na mkono unalazimika kupita mbele ya mwili. Ukiangukia kushoto, upande wa besi ya kwanza, kiuno kimefunguka mapema, nguvu imekwisha kabla mkono haujafika, na deni linalipwa na bega na kiwiko.

Kama mitupo mitano imeacha nyayo mahali patano, wiki hiyo usimfundishe kitu kingine. Chora mstari kwa kijiti, arushe juu ya mstari mpaka nyayo zikae pamoja. Nina binti mmoja alikaa kwenye mstari siku tisa. Alinichukia. Sasa anarusha pale unapomwambia.

Nguvu yenyewe inatoka chini, na watoto wa huku hawahitaji mhadhara juu ya hilo. Muulize yeyote aliyepasua kuni. Anayetumia mikono tu anachoka gogo la pili. Anayejua anaanzia magotini, kiuno kinafuata, mgongo, na mikono ni mpini tu. Kurusha ni hivyo hivyo: mguu wa nyuma unasukuma, hatua inakwenda mbele, nyonga inazunguka, kifua kinafuata, halafu bega, kiwiko, vidole. Kiwiko kisishuke chini ya bega. Na mpira ukishatoka, mkono usikatishwe hewani kama wa trafiki. Uache uendelee mpaka upite goti la upande wa pili.

Kuushika: kidole cha shahada na cha kati vikate mishono kwa juu, dole gumba likae chini. Mpira huo una jozi 108 za mishono ya uzi mwekundu, na vidole vinavuta kwenye mishono hiyo. Asiukabe. Ukiweza kuuchomoa mkononi mwake kwa vidole viwili vyako, kashika vizuri.

Mipira ikiwa michache, na itakuwa michache, tumia taulo. Mrushaji anashika ncha moja, anafanya mwendo wote kama anarusha, na ncha ya pili inatakiwa iipige glovu ya mwenzake aliyesimama mbele. Hakuna kinachopotelea kwenye migomba. Glovu nyingine nilizipata Kiboriloni kwenye mitumba, muuzaji akidhani ni za kutolea sufuria jikoni. Sikumrekebisha mpaka tulipomaliza bei.

Lengo tengeneza kwa fito mbili na kamba mbili. Upana sentimita 43, ndio upana wa kibao cha nyumbani, kile anachosimama kando yake mpigaji. Kamba ya chini ipite chini kidogo ya goti la mpigaji, ya juu katikati ya bega na kiuno. Umbali kwa wakubwa ni mita 18.44, kwa watoto wa miaka 12 kushuka ni mita 14. Pima kwa futi kamba, tafadhali, si kwa hatua. Hatua zangu na za mwalimu wa Himo ni nchi mbili tofauti. Kichuguu cha kurushia hatuna. Tulikijenga, masika ikakichukua. Rusheni tambarare, hakuna atakayekufa.

Mpira wa kupinda nauchelewesha mpaka miaka 14 au zaidi. Kabla ya hapo mpira wa kasi na ule mpole unaotoka kwa mwendo uleule unamtosha. Na wakubwa wanaopinda tayari, waambie mapema habari ya Arusha. Mji ule uko kama mita 1,400 juu, hewa yake nyepesi kuliko yetu ya Moshi kwenye mita 800 na kitu, na mpira unapinda kwa kusukumana na hewa. Ukipanda nao Arusha unapinda kidogo, ukishuka nao Dar es Salaam unapinda zaidi. Kijana asiyejua hilo anadhani amelogwa.

Daftari

Sasa hapa ndipo nataka tukae.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na kijana wa Pasua, miaka 14, mkono kama kombeo. Tulikuwa na bonanza la siku mbili. Jumamosi alirusha mchezo mzima. Jumapili nikampanga tena, kwa sababu tulikuwa tunashinda na mimi nilikuwa napenda kushinda. Sikuwa nahesabu. Mwalimu wa hesabu, jamani. Kwenye mzunguko wa tano nilimwona anakunja na kukunjua mkono, nikamuuliza vipi, akasema freshi. Watoto wote husema freshi. Mitupo miwili baadaye akaudondosha mpira miguuni pake na kushika kiwiko upande wa ndani.

Kiwiko cha mtoto upande ule kina sehemu laini ambapo mfupa bado unakua, na kila mtupo unaivuta. Akipumzika inajirekebisha. Asipopumzika inachanika. Daktari alisema miezi mitatu asirushe hata jiwe.

Kwa hiyo nunua kaunta buku leo. Wamarekani wana mwongozo ambao mimi naufuata: kwa siku moja, mtoto wa miaka 9 na 10 asizidishe mitupo 75, wa 11 na 12 asizidishe 85, wa 13 mpaka 16 asizidishe 95. Halafu mapumziko, kwa wenye miaka 14 kushuka: akirusha 21 mpaka 35 apumzike siku moja, 36 mpaka 50 siku mbili, 51 mpaka 65 siku tatu, 66 na zaidi siku nne. Aliyetoka kurusha usimfanye mdakaji, maana mdakaji naye anarusha mchana kutwa. Mimi mwenyewe naishia 60 kwa yeyote, kwa sababu watoto wangu Jumamosi asubuhi wameshalima na kuchota maji kabla hawajafika uwanjani, na jembe halijaandikwa kwenye mwongozo wa Wamarekani.

Hesabu kwa kokoto. Kila mtupo kokoto moja inahama mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Mitupo ya kupasha misuli usiihesabu, lakini ijue. Na wapashe kwa kukimbia kwanza. Mkono wa baridi usirushe ili upate moto.

Kijana wa Pasua nilikwenda kwao. Baba yake ni Mchaga wa Kibosho, mzee wa maneno machache, na mimi nimezaliwa na kukulia huku, kwa hiyo sikwenda na maelezo ya kiwiko. Nilikwenda na jani la isale. Aliyekuletea isale kuomba radhi humfukuzi mlangoni, ndivyo tulivyolelewa. Mzee alilipokea, akaniangalia muda mrefu, akasema, "Mwalimu, huyu mtoto ni wa kwangu na ni wa kwako. Kwa nini ulimhesabu kama si wa mtu?" Sikuwa na jibu, na sijalipata.

Mwalimu mgeni, hili huwa namwambia siku ya kwanza: utakapomuumiza mtoto, nenda nyumbani kwao siku hiyo hiyo, kwa miguu yako. Usitume salamu.

Mrushaji asiyerusha

Miezi mitatu ni mirefu. Kijana mwenye mkono uliofungwa atakuja siku tatu, atakaa pembeni, ya nne hatakuja. Mpe kazi ambayo ikikosekana mazoezi yanasimama. Huyu nilimpa kokoto na daftari. Wiki ya pili akaanza kuniambia mambo ambayo sikuwa nayaona: huyu akifika 40 hatua inafupika, yule akichoka anaanza kupangusa jasho kila mtupo.

Jioni tukikunja vifaa nilimsimulia habari za Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers. Mwaka 1974 kano ya kiwiko ilikatika, daktari Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wa pili na kuiweka pale, upasuaji ambao hakuna mrushaji aliyewahi kufanyiwa. Mwaka 1975 wote hakurusha mchezo hata mmoja. Alirudi 1976, na kati ya michezo 288 aliyoshinda maishani, 164 aliishinda baada ya upasuaji. Watoto hupenda hiyo 164. Mimi huwarudisha kwenye 1975.

Wakiuliza kama yupo Mwafrika, yupo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na akaingia kwenye ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu. Piga hesabu hiyo miaka nao, kwenye ubao.

Mambo yakiharibika katikati ya mchezo, besi zote zimejaa wakimbiaji wa wapinzani, mpira wa mwisho umeruka mpaka kwenye mahindi ya watu, mrushaji ana vitu vitatu vya kufanya na asiviruke: atoke pale anaporushia, apanguse mkono kwenye suruali, auangalie mlima mpaka pumzi ishuke. Kijana mmoja aliniambia, "Madam, leo mlima umefunika." Nikamwambia aangalie pale ulipo. Akaangalia mawingu kwa muda, akarudi, akarusha boli nne mfululizo, yaani mitupo iliyokosa lengo. Mlima si dawa. Lakini alirudi amepumua, na mpigaji aliyefuata akatolewa.

Wewe mwalimu, wakati huo funga mdomo. Mtoto anajua kwamba amekosea.

Anayekupokonya daftari

Mama yangu alifariki masika ya mwaka juzi. Tulizika, matanga yakaisha, siku ya tatu nikarudi uwanjani kwa sababu nyumbani palikuwa kimya. Nilijiona niko sawa. Nilimfokea binti wa kidato cha kwanza kwa kufunga viatu polepole. Nilimwacha mrushaji pale mbele na sikujua amefika ngapi.

Yule kijana wa Pasua, ambaye sasa ni mkubwa, anaendesha bodaboda Mbuyuni na ndiye msaidizi wangu, alikuja akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono uleule wa kulia.

"Shikamoo, Madam. Naomba daftari."

"La nini?"

"Amefika 71. Na wewe umefika."

Nilikasirika, sitaficha. Niliona haya mbele ya watoto. Lakini mrushaji akiambiwa atoke, anauweka mpira kwenye mkono wa mwalimu na kuondoka bila kujadili; ndivyo nilivyowafundisha miaka yote, nao walikuwa wananitazama. Nikampa. Nikapanda daladala nikaenda kihambani kwa mama, nikapalilia migomba yake.

Tangu hapo, mwalimu akija kujifunza kwangu namwambia ataje mtu mmoja mwenye ruhusa ya kumpokonya daftari, na huyo mtu aje, tuelewane mbele yake. Mkeo, msaidizi, dada wa kantini, yeyote mradi hakuogopi. Mkubaliane na dalili: mmoja alisema akianza kuwaita watoto kwa namba badala ya majina, mwingine akisahau kula mchana. Mimi yangu ni viatu.

Daftari lilirudi Jumatatu ya wiki ya tatu. Mitupo yote ilikuwa imeandikwa kwa ule mwandiko wake mbovu, jina, idadi, siku za kupumzika. Mstari wa mwisho aliandika "Madam", kwenye idadi akaacha wazi, kwenye mapumziko akaandika 16.