Kiko cha gunzi: kukijaza, kukivuta na kukitunza

Kiko cha gunzi la mahindi kinamfaa anayeanza kwa sababu hakihitaji kuzoeshwa kwa muda mrefu kama cha mti; ladha ya tumbaku inakuja tangu siku ya kwanza. Kinachokiua ni moto mkali na unyevu, basi.

Kijue kwanza kilivyoundwa. Gunzi lililokauka hutobolewa katikati likawa bakuli. Ubavuni, karibu na kitako, huchomekwa kijiti chenye tundu, na mwisho wa kijiti hukaa mdomo wa plastiki. Vingi hupakwa plasta kwa nje kuziba vinyweleo vya gunzi, mbinu ambayo Henry Tibbe wa mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, aliipatia hataza mwaka 1878. Sasa chungulia ndani ya kiko kipya: mara nyingi ncha ya kijiti imechomoza bakulini, na chini yake pana uwazi. Hapo ndipo penye udhaifu. Ncha ikishika moto unavuta moshi wa mti, mchungu na wa kuwasha ulimi, na majimaji nayo yanatuama kwenye ule uwazi.

Dawa yake ni tope la majivu. Chukua majivu laini ya tumbaku, kama nusu kijiko cha chai, uyakande kwa matone machache ya maji hadi yawe mazito. Pitisha waya wa kusafishia kiko (mwembamba, uliovikwa nyuzi laini) kutoka mdomoni hadi bakulini ili tundu lisizibe, kisha sakafia kitako mpaka usawa wa chini wa tundu. Tope likianza kushika, chomoa waya. Kiache siku nzima kikauke, mbili ni bora zaidi.

Tumbaku nayo isiwe mbichi. Ibane kwa vidole: ikibaki bonge, itandaze kwenye karatasi kwa nusu saa hivi. Jaza kwa awamu tatu. Ya kwanza idondoshe tu hadi ukingoni, uisukume kidogo sana ishuke nusu. Ya pili ishindilie kiasi, ifike robo tatu. Ya tatu ikaze zaidi, ibaki milimita chache chini ya ukingo. Vuta kabla ya kuwasha: hewa ipite kama unanyonya soda kwa mrija. Ikigoma, mwaga uanze upya, kuchokoachokoa hakusaidii.

Njiti ya kiberiti iache kwanza iunguze kichwa chake, usije ukavuta ladha ya baruti. Zungusha moto juu ya tumbaku bila kuugusisha ukingo, huku ukivuta taratibu. Tumbaku itafura, ishindilie kidogo, uwashe mara ya pili. Kuanzia hapo vuta polepole mno, moshi uishie kinywani. (Kutoushusha mapafuni hakuondoi madhara: nikotini inaingia, na hatari ya saratani ya kinywa ipo.) Bakuli likiwa la moto kiasi cha kutoshikika, kiweke chini kizimike. Kuwasha tena si aibu. Wanaong'ang'ania kisizimike ndio wanaounguza viko. Kikianza kukoroma, kuna maji kwenye tundu: pitisha waya mpaka ndani, utoe, uendelee.

Ukimaliza, mwaga majivu na pitisha waya mkavu. Mdomo usiuchomoe hadi kiko kipoe, kwa kuwa kijiti kilichovimba kwa joto na unyevu kikilazimishwa hulegea, au hung'oka kwenye gunzi. Kipoapo, uchomoe kwa kuuzungusha. Kama kina kichujio cha karatasi, kibadilishe kikilowa. Gunzi lisioshwe kwa maji wala kulowekwa kwenye pombe, litavimba na gundi itaachia. Mdomo peke yake ndio unaooshwa, kwa maji ya vuguvugu. Ukoko wa masizi ndani ya bakuli usizidi milimita moja. Ufute kwa karatasi laini. Kisu kinakwangua na gunzi lenyewe.

Kipumzishe walau siku moja kati ya mivuto. Mvutaji wa kila siku awe na viwili au vitatu vya zamu. Ukingo kuwa mweusi si neno. Lakini doa jeusi likijitokeza nje ubavuni, na pale pale ndipo pa moto kuliko kwingine, gunzi limeungua kutoka ndani: kitupe, ubakize mdomo uuchomeke kwenye kiko kipya kama tundu linalingana.